Samoni Wanapopanda Mto Kenai

Samoni huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurudi katika mto uleule aliozaliwa ili azae na kufa. Safari hiyo ya kurudi ina majira yake, na kila mto una ya kwake. Katika mto Kenai, kusini mwa jimbo la Alaska nchini Marekani, samoni wa kwanza huingia kutoka baharini mwezi Mei na wa mwisho hupita Oktoba, lakini kishindo chenyewe huwa Julai. Katika wiki chache za mwezi huo hupanda samaki ambao kwa miaka mingi idadi yao imezidi milioni moja. Wakati huohuo maelfu ya watu huteremka kingoni wakiwa na fimbo, mshipi na ndoana. Wengi wao si wavuvi kwa kazi: ni walimu, madereva, wastaafu, wazazi na watoto wao, na watalii waliotoka mbali. Huvua kwa raha ya kuvua na kwa kitoweo cha nyumbani, na sheria haiwaruhusu kuuza hata samaki mmoja. Kanuni karibu zote za uvuvi huu, tangu ukubwa wa ndoana hadi tarehe ya kufungua na kufunga mto, zinatokana na swali moja: samaki wangapi waachwe wapite?

Samoni wa Kenai si yule anayekutwa mara nyingi katika maduka makubwa na hoteli za Afrika Mashariki. Huyo aghalabu ni samoni wa Atlantiki aliyefugwa katika vizimba vya baharini, na Alaska imepiga marufuku ufugaji wa aina hiyo tangu 1990. Samoni wa Pasifiki ni wa jenasi nyingine, Oncorhynchus, na katika jenasi hiyohiyo yumo trauti mwenye mistari ya upinde wa mvua, aliyepelekwa na Waingereza katika mito ya Mlima Kenya na Aberdare na ambaye bado anavuliwa huko. Alaska ina aina tano za samoni wa Pasifiki. Wavuvi wa huko huwaita kwa majina mepesi: mfalme, mwekundu, wa fedha, wa waridi, na yule anayeitwa mbwa. Mfalme ndiye mkubwa kuliko wote. Mwekundu ana kilo mbili na nusu hadi nne hivi, na ndiye anayejaza mto mwezi Julai. Wa fedha hufuata kuanzia Agosti. Wa waridi huishi miaka miwili tu, kwa hiyo hupanda Kenai kwa wingi mwaka mmoja na kukosa mwaka unaofuata. Miaka yake ni ile inayogawanyika kwa mbili.

Mto wenyewe una urefu wa kilomita 132 hivi. Hutoka Ziwa Kenai, katika kijiji cha Cooper Landing, ukaelekea magharibi hadi Ziwa Skilak, kisha ukatoka tena na kupita Sterling na Soldotna mpaka mji wa Kenai, ambako huingia katika Ghuba ya Cook. Maji yake yana rangi ya feruzi kwa sababu ya vumbi laini la miamba linalosagwa na mito ya barafu milimani. Vumbi hilo lingeufanya mto kuwa tope, ila maziwa mawili makubwa yanalipa nafasi ya kutua. Maziwa hayo ndiyo siri ya wingi wa samoni mwekundu, maana bila ziwa la kulelea watoto wake aina hii haiwezi kustawi. Jambo la pili linaloutofautisha Kenai na mito mingine mingi ya Alaska ni barabara. Mito mingi hufikiwa kwa ndege ndogo tu, lakini kutoka Anchorage, mji mkubwa kuliko yote jimboni, hadi Cooper Landing ni kilomita 160 za lami. Anayemaliza kazi jioni anaweza kuwa mtoni kabla ya usiku, na usiku wenyewe katika Juni hauna giza la maana.

Maisha ya samoni mwekundu huanzia kwenye changarawe. Jike hulala ubavu na kupigapiga mkia mpaka atengeneze shimo, akataga humo mayai elfu mbili, tatu, pengine zaidi ya nne, na dume akayarutubisha papo hapo. Kisha jike hufukia. Mayai hukaa chini ya changarawe kipindi chote cha baridi, na vitoto huibuka majira ya kuchipua na kuingia ziwani, ambako hula vijidudu vinavyoelea majini kwa mwaka mmoja au miwili. Ukifika wakati, mwili wao hubadilika ili uweze kustahimili chumvi, nao huteremka baharini. Huko, katika Pasifiki ya Kaskazini, huzurura miaka miwili au mitatu wakinenepa. Halafu hurudi.

Namna wanavyoijua njia ni jambo ambalo wanasayansi wamelifuatilia kwa muda mrefu. Katika bahari kuu ushahidi unaonyesha kwamba hutumia uga wa sumaku wa dunia. Wakikaribia pwani hutegemea pua. Kila mto una harufu yake, inayotokana na udongo, majani na mawe ya bonde lake, na samoni huikariri harufu hiyo angali mchanga. Arthur Hasler wa Chuo Kikuu cha Wisconsin na wenzake walilithibitisha hilo kwa jaribio zuri sana: walilea samoni wachanga wa fedha katika maji yaliyotiwa kemikali isiyopatikana mitoni, wakawaachia katika Ziwa Michigan, na walipofika umri wa kuzaa wakatia kemikali hiyo kwenye kijito kingine. Samaki wakaingia kijito hicho.

Samoni akishaingia mtoni, hali tena. Utumbo wake husinyaa, na safari yote, pamoja na kazi ya kuchimba na kugombania mazalio, hulipiwa na mafuta aliyojilimbikizia baharini. Kwa sababu hiyo samaki aliyeingia jana ana nyama nyekundu yenye mafuta mengi, na aliyekaa wiki kadhaa ana nyama iliyofifia na kulegea. Ngozi nayo hubadilika. Rangi ya fedha hugeuka nyekundu mwilini na kijani kichwani, dume huota kibyongo, na taya lake hupinda kwa mbele. Wageni huvutiwa na rangi hiyo na kutaka kupigwa picha na samaki wa namna hiyo. Wenyeji humtaka yule anayeng'aa, mwenye dalili ya bahari bado mwilini.

Kalenda ya msimu huanza na samoni mfalme, ambaye huja kwa makundi mawili, moja kuanzia Mei na la pili Julai. Samoni mwekundu naye huja mara mbili. Kundi la kwanza hufika Juni na karibu lote huelekea Mto Russian, kijito safi kinachoungana na Kenai karibu na Cooper Landing. Uvuvi katika makutano hayo hufunguliwa tarehe 11 Juni, na wapo wanaosubiri saa sita ya usiku ipite ili warushe mshipi dakika ya kwanza ya siku hiyo. Kundi la pili ndilo lile kubwa la Julai, ambalo hutawanyika katika mto mzima na maziwa yake. Agosti na Septemba ni za samoni wa fedha, ambaye tofauti na mwekundu bado hurukia chambo, hasa mayai ya samoni yaliyohifadhiwa kwa chumvi, na humpa mvuvi mchezo wa utulivu zaidi.

Samoni mwekundu humtaka mtu aache mazoea yake ya uvuvi. Baharini chakula chake ni vijidudu na kamba wadogo, na mtoni hali kitu. Hana sababu ya kufuata chambo, na siku nyingi hakigusi kabisa. Anachofanya ni kupanda mto mdomo ukifunguka na kufumba ili maji yapite kwenye matamvua. Mbinu ya Kenai imejengwa juu ya kufunguka huko kwa mdomo. Mvuvi hufunga chubwi ya risasi, na baada yake kipande cha mshipi mwembamba chenye urefu wa karibu mita moja, na mwishoni ndoana moja iliyofungwa nywele au nyuzi za rangi. Mshipi hurushwa mita nne au tano tu, kuelekea juu ya mkondo kidogo. Chubwi huzama na kugongagonga mawe ya chini huku maji yakiisukuma. Mshipi mwembamba hukatiza mbele ya samaki wanaopanda, huingia katika mdomo wa mmoja wao, na kuteleza mpaka ndoana ifike kwenye taya lake kwa nje. Mvuvi akihisi uzito huivuta fimbo kwa ubavu, na samaki amenaswa.

Ni kweli basi kwamba samoni mwekundu hakuuma. Alipitiwa na mshipi. Wapo wavuvi wa shule ya zamani wanaosema huo si ustadi. Hoja yao ina uzito kwa anayeuona uvuvi kuwa mazungumzo baina ya chambo na samaki, lakini ustadi wa aina nyingine upo: kujua kina cha mahali, uzito wa chubwi unaolingana na mkondo, na tofauti kati ya mguso wa jiwe na mguso wa mdomo. Sheria imechora mpaka wake waziwazi. Samaki aliyenaswa mdomoni ni halali. Aliyenaswa mgongoni, tumboni au kwenye pezi lazima aachiwe mara moja, hata kama amechosha mikono kwa robo saa. Katika eneo la Mto Russian ndoana ni ndogo na ya ncha moja, na chubwi haikai karibu nayo chini ya sentimita 46 hivi, ili mtu asiweze kuutumia uzito wa risasi kumkwangua samaki ubavuni.

Kosa la wageni wengi ni kuingia maji mengi. Mto Kenai una nguvu, na samaki anayesafiri kwa mafuta ya akiba tu hutafuta njia ya gharama ndogo, yaani maji ya polepole ya kandokando. Samoni mwekundu hupita mita chache tu kutoka ukingoni, mahali penye kina cha magoti au mapaja. Anayeingia hadi kiunoni husimama juu ya njia yenyewe na kurusha mshipi mahali pasipo na samaki, huku wanaomtaka wakipita nyuma ya miguu yake. Wazoefu husimama karibu na nchi kavu. Miwani yenye lenzi za kukata mng'ao wa maji huwasaidia kuwaona samaki mahali maji yanaporuhusu, na huwakinga macho pia, jambo lililo muhimu zaidi.

Maana mahali penye samaki wengi hupata watu wengi. Katika makutano ya Mto Russian watu husimama bega kwa bega, safu mbili za kingo zikitazamana, na kila sekunde chache chubwi na ndoana hukatiza hewani. Ndoana inapochomoka ghafla mdomoni mwa samaki, hurudi kwa kasi kule ilikotoka. Kila msimu watu hupelekwa hospitali kung'olewa ndoana shavuni, sikioni, mkononi. Kwa sababu hiyo umati huo umejitungia adabu ambayo haimo katika kitabu chochote cha sheria. Wote hurusha kwa mwendo mmoja ili mishipi isipishane. Aliyepata samaki hupaza sauti, na jirani zake huondoa mishipi yao majini papo hapo na kumpisha asogee ukingoni. Naye hatakiwi kumwachia samaki akimbie mbali na kuvuruga safu nzima. Humkokota upande wa nchi kavu mapema kadiri awezavyo, na akishindwa hukata mshipi. Aliyetoka kwenda kumtengeneza samaki wake hukuta nafasi yake imechukuliwa, na halalamiki.

Mvuvi mwingine wa mto huo ni dubu wa kahawia. Dubu wa bonde la Mto Russian wamejifunza kwamba penye watu pana vichwa na matumbo ya samaki, na dubu aliyezoea chakula cha mezani mwa binadamu mwisho wake huwa mbaya, kwake au kwa mtu. Kanuni za eneo hilo zinataka samaki, chakula na mikoba viwe karibu na mwenyewe, ndani ya mita moja hivi, muda wote. Mabaki hayaachwi kwenye maji yaliyotuama. Samaki hubebwa mzima, au mifupa yake hukatwa vipande vidogo na kutupwa katikati ya mkondo mkali ili isambae. Kuisambaza huko kuna faida nyingine. Samoni huleta mtoni virutubisho vya baharini, na miili yao inapooza hulisha wadudu, trauti, ndege, hata miti ya kandokando ya maji, ambamo wanasayansi wamekuta naitrojeni iliyotoka baharini.

Samaki akishatolewa majini, dakika kumi za kwanza huamua ladha yake ya miezi sita ijayo. Hugongwa kichwani mara moja kwa gogo fupi ili afe bila kuteseka, hukatwa matamvua ili damu itoke, kisha huzamishwa katika barafu. Wengi hukata minofu palepale, kwenye meza zilizowekwa kando ya mto, na kuifungasha katika mifuko isiyo na hewa kabla ya kuigandisha. Wengine huifukiza moshi au kuihifadhi katika chupa za kioo. Wenyeji wa asili wa bonde hilo, Wadena'ina, wanaouita mto huo Kahtnu, walifanya kazi hiyo karne nyingi kabla ya kuja kwa barafu za dukani. Karibu na makutano ya Mto Russian bado yapo mashimo ya ardhini waliyowekea akiba ya samaki kwa majira ya baridi, na kabila lao la Kenaitze huwaongoza wageni kuyaona.

Idadi ya samaki ambao mtu mmoja anaweza kuchukua haikisiwi kwa macho. Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Alaska imekuwa ikiwahesabu samoni wekundu wa Kenai kwa sona tangu 1968. Vifaa vyake vimewekwa kwenye kingo zote mbili, kilomita 31 hivi kutoka baharini, karibu na Soldotna. Hutoa mawimbi ya sauti chini ya maji, na mwangwi unaorudi huonyesha kila samaki anayepita kuelekea juu. Tabia ile ile ya kukumbatia ukingo, ambayo humpa mvuvi samaki wake, ndiyo inayowezesha hesabu hii, kwa kuwa katikati ya mto hupita wachache. Mashine haiwezi kutambua aina zilizo na ukubwa unaokaribiana, kwa hiyo watumishi wa idara hunasa baadhi ya samaki mahali hapo na kutazama ni wangapi wekundu na wangapi wa waridi. Takwimu hutangazwa kila siku. Wavuvi huzisoma kwa hamu, na siku sona inapohesabu zaidi ya 50,000, barabara ya kutoka Anchorage hujaa magari.

Matumizi makubwa ya hesabu hiyo, hata hivyo, ni kulinda kiasi kinachohitajika mazalioni. Kiwango cha kawaida ni samoni wekundu watatu kwa mtu kwa siku. Hesabu ikionyesha kwamba waliopita watatosha na kuzidi, idara hutoa amri ya dharura na kupandisha kiwango hadi sita, pengine zaidi. Ikionyesha upungufu, hupunguza au hufunga kabisa, hata katikati ya wiki ambayo watu wameshalipia hoteli. Kuwaacha wapite wengi kupita kiasi nako si salama sana, kwa kuwa vitoto wengi mno ziwani hugombania chakula kilekile na hukua wakiwa dhaifu. Lengo ni kiasi kilicho katikati, na mito mingi duniani ingefaidika kama ingekuwa na watu wanaojua kiasi chake kwa uhakika huo.

Uangalifu huu ulitokana na uchungu. Kiwanda cha kwanza cha kusindika samoni katika Ghuba ya Cook kilianza mwaka 1882 huko Kasilof, kusini kidogo ya Kenai. Makampuni ya nje yalikuja kuweka mitego mikubwa isiyobanduka kwenye njia za samaki, na mtego mmoja uliweza kuzoa kundi zima kabla halijafika mtoni. Kufikia miaka ya 1950 samoni wa Alaska walikuwa wamepungua vibaya, na mwaka 1953 Serikali ya Marekani ikawatangaza wavuvi wa huko kuwa wamepatwa na janga. Wananchi walipoandika katiba ya jimbo lao, waliweka ndani yake sharti kwamba samaki watumiwe kwa namna itakayowafanya waendelee kuwepo, na Alaska ilipopata hadhi ya jimbo mwaka 1959, mitego hiyo ilipigwa marufuku.

Watu wa Ziwa Victoria wanaijua hadithi inayofanana na hiyo. Ningu, samaki aliyekuwa akipanda mito kama Nzoia wakati wa mvua ili kutaga, alikuwa kitoweo kikubwa cha kandokando ya ziwa. Nyavu za nailoni na nyuzi nyingine zilipotandazwa midomoni mwa mito, majike yenye mayai yalinaswa kabla ya kufika mazalioni, na katikati ya karne ya 20 uvuvi wa ningu ukaporomoka. Samaki anayesafiri kuzaa ni rahisi kumkamata kuliko samaki mwingine yeyote, kwa kuwa siku zake zinajulikana na mlango wake ni mmoja.

Katika mlango wa Kenai wanaosubiri ni wengi. Mbele kabisa, katika Ghuba ya Cook, kuna mashua za biashara zinazovua kwa nyavu za kuelea. Ufukweni, upande wa mashariki wa ghuba, zipo familia zilizorithishana kwa vizazi mahali pa kutegea nyavu. Kisha, kuanzia tarehe 10 hadi 31 Julai, wakazi wa Alaska peke yao huruhusiwa kuingia mdomoni mwa mto na nyavu za duara zenye mpini mrefu. Mkuu wa kaya hupewa samoni 25 kwa mwaka, na kila mtu wa kaya yake 10 zaidi, kwa chakula cha nyumbani. Mvuvi wa fimbo huvua nyuma yao wote, katika kile kilichosalia. Kila kundi huamini kwamba jingine limependelewa, na vikao vya Bodi ya Uvuvi ya Alaska, ambayo ndiyo inayogawa, huwa virefu na vyenye maneno makali.

Mvuvi wa fimbo naye ana madhara yake, na si madogo. Watoto wa samoni mfalme hulelewa mtoni, si ziwani, na hupenda kujificha chini ya kingo zilizoning'inia mizizi na nyasi. Maelfu ya viatu vizito kwa wiki kadhaa huzikanyaga nyasi hizo mpaka ukingo ubomoke. Tangu hatari hiyo ieleweke, sehemu nyingi za mto zimejengewa njia za chuma zenye matundu, zilizoinuliwa ili mwanga ufikie majani ya chini, na ngazi zinazoshusha watu moja kwa moja majini. Misonobari iliyokatwa hufungwa kingoni ili izuie mmomonyoko na kuwapa vitoto maficho. Kingo nyingine hufungwa kwa wavuvi kuanzia tarehe 1 Julai hadi 15 Agosti, yaani wakati hasa ambapo kila mtu angependa kusimama hapo. Injini za mashua nazo zimewekewa kikomo cha nguvu, na zile za zamani za mipigo miwili, zilizomwaga petroli nyingi isiyoungua, zimeondolewa mtoni.

Lakini habari nzito zaidi ya Kenai leo ni ya samoni mfalme, aliyeupa mto huo jina duniani. Tarehe 17 Mei 1985 Les Anderson, mkazi wa Soldotna, alimvua kwa fimbo samoni mfalme wa kilo 44.1. Samaki huyo alikaa muda mrefu kabla ya kupimwa, na wengi huamini alipoteza uzito, hata hivyo rekodi yake ya dunia haijavunjwa, na mwili wake uliokaushwa umewekwa Soldotna kwa watu kuutazama. Miaka iliyofuata watu walisafiri kutoka pembe zote za dunia kumtafuta mwenzake. Badala yake wafalme walianza kurudi wachache, na wanaorudi ni wadogo kuliko wa zamani. Hali ni hiyohiyo katika mito mingine ya Alaska, kiasi kwamba mwaka 2024 Alaska na Kanada zilikubaliana kusimamisha uvuvi wa samoni mfalme katika mto Yukon kwa miaka saba. Mito iliyo mbalimbali namna hiyo ikiugua pamoja, sababu kubwa hutafutwa mahali inapokutania, yaani baharini: joto la maji, mabadiliko ya chakula, na samaki wanaonaswa bila kukusudiwa katika nyavu za meli kubwa.

Kenai ilifungwa kwa uvuvi wa mfalme msimu mzima mwaka 2023, ikafungwa tena 2024 na 2025. Familia za nyavu za ufukweni zimepata pigo kubwa zaidi, kwa kuwa nyavu zao, ingawa zinamlenga mwekundu, humnasa mfalme pia. Sona ya pili, iliyo karibu zaidi na bahari, sasa huwahesabu wafalme wakubwa tu, wenye urefu wa zaidi ya sentimita 75 kutoka jichoni hadi panda ya mkia, maana miongoni mwao ndimo walimo majike yenye mayai mengi. Mpango wa kuwarejesha, uliopitishwa na Bodi ya Uvuvi mwaka 2024, unataka wapite angalau 14,000 na ushee kwa mwaka. Kwa sasa mtu anayevua samoni mwekundu, ndoana yake ikimnasa mfalme kwa bahati, haruhusiwi hata kumwinua kwa ajili ya picha. Humfungua ndoana angali ndani ya maji, akamshika kichwa chake kikielekea juu ya mkondo mpaka apate nguvu, na kumwacha aendelee na safari.